Hata Angekuwa Mwanangu

Tamarack Ridge, Wisconsin
Machi 19, 2000

Mwanangu Britta,

Hujambo huko uliko? Mimi mwili haujambo. Kile kifua kilichonisumbua Januari kimepona, na theluji ya ubavuni mwa nyumba, upande wa jikoni, imeanza kuyeyuka. Anwani yako nimeipata kwa Orville Kjos. Usimkasirikie. Nilimfuata bandani kwake asubuhi anakamua, nikasimama nyuma ya ng'ombe na viatu vyangu vya shule mpaka akachoka kunitazama. Akasema, "LaVonne, nakupa, lakini mimi sijakutuma." Basi.

Ulitimiza miaka kumi na nane Jumapili ya tarehe tano. Tulikula keki, hukusema kwamba unaondoka. Jumatatu niliporudi kazini nikakuta kitanda kimetandikwa vizuri kuliko siku zote, na kabati limebaki hanga tupu. Nilikaa juu ya kitanda kile sijavua hata koti. Hukuacha kikaratasi, Britta. Nimekulea tangu ukiwa na miaka tisa, tangu tulipomzika mama yako. Nilistahili kikaratasi.

Orville anasema umepata kazi kwenye kiwanda cha bata mzinga. Chumba chako kina joto? Unakula? Una koti la maana?

Kuhusu lile jambo la kisu sitaandika mengi. Bodi ya shule ilishapiga kura, na sheria ni ya hakuna msamaha; mimi ni mkuu wa shule tu, sikuiandika. Mwaka mmoja si maisha. Februari ijayo utaruhusiwa kurudi darasani umalize miezi iliyobaki. Nimewaandikia chuo cha mifugo kuwauliza kama watakushikia nafasi yako. Wakijibu nitakujulisha.

Niandikie, hata mistari miwili.

Mama yako mkubwa,
LaVonne


Osterby, Minnesota
Aprili 30, 2000

Shikamoo, Mama Mkubwa.

Mimi mzima. Natumaini nawe ni mzima. Barua zako zote tatu zimefika. Najibu kwa sababu umeuliza habari za koti mara tatu. Koti ninalo, ni lile lile la bluu.

Kazi pia ninayo. Tunaingia saa kumi na mbili asubuhi. Bata mzinga wanapita mbele yetu wakining'inia miguu juu, mimi natenganisha bawa la kushoto. Bawa la kulia ni la mtu mwingine. Siku ya kwanza msimamizi alinipa kisu cha inchi sita akaniambia, "Kinoe kila dakika ishirini, na usikipoteze." Hakuniuliza kama nimewahi kufukuzwa mahali. Nilicheka mpaka mama aliyesimama pembeni yangu akadhani nimepatwa na kitu.

Changu kilikuwa inchi mbili na nusu. Nakumbuka kwa sababu yule askari wa wilaya alikipima mezani kwako, kwa rula yako.

Unaandika "lile jambo la kisu" kana kwamba lilianguka tu kutoka mbinguni. Ngoja nikukumbushe, maana siku ya kikao cha bodi uliisoma ile karatasi ya mashtaka haraka sana. Asubuhi ile ng'ombe wa Orville alikuwa anazaa. Nilikata kamba za marobota ya majani makavu nimtandikie, nikatia kisu mfukoni, nikakimbilia basi la shule. Kwenye somo la kemia natafuta kalamu, mkono ukakigusa. Ningeweza kukiacha hapo hapo mfukoni. Ningeweza kukitumbukiza kwenye takataka za chooni. Niliomba ruhusa kwa mwalimu, nikaja ofisini kwako kwa miguu yangu, nikakiweka juu ya meza nikasema, "Mama Mkubwa, nimejisahau, nihifadhie mpaka jioni."

Ukakitazama. Ukanitazama. Ukasema, "Mwanafunzi, kaa chini." Ukafungua droo ukatoa fomu.

Miaka tisa nimekaa kwako, hukuwahi kuniita mwanafunzi.

Chuo usihangaike nacho, wameshaniandikia mimi mwenyewe. Hakuna cheti, hakuna nafasi. Basi usiniambie tena kwamba mwaka mmoja si maisha.

Britta Sorum


Tamarack Ridge
Juni 4, 2000

Mwanangu Britta,

Habari za siku nyingi? Afya inakwendaje? Huku joto limeanza mapema, na Orville amekata majani ya kwanza. Anasema ndama wa siku ile ni jike, ana nguvu, na amekuwa mkorofi. Anamwita Bi Mkubwa. Nadhani ananisema mimi.

Jana ilikuwa mahafali. Nilikuwa na majina arobaini na moja ya kusoma. Kwa alfabeti baada ya Solberg ungekuja wewe, Sorum, kisha Stenerud. Nilipomtaja Solberg nikanyamaza. Sikukusudia. Watu walidhani karatasi imenipotea. Mstari wa mbele alikuwepo Orville, kofia magotini, na hana mtoto wala mjukuu pale. Alikuja tu akakaa. Nikamtaja Stenerud nikaendelea.

Unasema kwenye kikao nilisoma haraka. Ni kweli. Watu sitini walikuja kukutetea, wengine wamesimama kwa kukosa viti, na wote wananitazama mimi. Ningesoma polepole nisingefika mwisho.

Kuna sababu ya nilichofanya, na sababu yenyewe si bodi. Sijaweza kuiandika. Nimeianza mara nne, nimechana mara nne.

Chumba chako sijakigusa.

Mama yako mkubwa,
LaVonne


Tamarack Ridge
Agosti 20, 2000

Mwanangu,

Natumaini kimya chako ni cha hasira tu, si cha ugonjwa. Hasira naiweza. Hii ni barua ya saba tangu Machi na nimepata jibu moja.

Jumatatu shule inafunguliwa. Bodi imeniandikia barua ya pongezi kwa uongozi usioyumba. Wameiweka kwenye fremu, wakaniletea ofisini pamoja na keki. Phyllis, katibu wangu, aliitundika ukutani bila kuniuliza. Kila nikiinua kichwa naiona. Wiki iliyopita nimeishusha, nikamwambia msumari umelegea.

Niambie tu kama uko hai.

Mama yako mkubwa


Osterby
Oktoba 15, 2000

Shikamoo, Mama Mkubwa.

Niko hai. Na wewe je? Orville aliniambia kwa simu umekonda. Kula.

Mimi ninachoumwa ni mkono. Vidole vitatu vya kulia nikiamka havina hisia mpaka nivitie kwenye maji ya moto. Muuguzi wa kiwanda ananipa vidonge na kunifunga bendeji, anasema wote huanza hivyo. Usiniandikie habari za daktari, nimeshaonana naye. Anasema huenda hisia isirudi yote. Nilimuuliza, mtu akiingiza mkono ndani ya ng'ombe kumtafuta ndama, anahitaji vidole vingapi? Akasema swali hilo hajawahi kuulizwa.

Lakini si hilo lililonifanya niandike.

Mwezi wa nane waliniletea mtu mpya wa bawa la kulia. Alikuwa amevaa kofia ya nyavu na miwani ya kazi, sikumtambua. Yeye alinitambua siku hiyo hiyo, akakaa kimya wiki tatu. Kisha siku moja tunanoa visu akaniambia, "Wewe ni mtoto wa mkuu wa shule." Nikamwambia mimi si mtoto wake, yeye ni mama yangu mkubwa. Akasema, "Kwetu ni kitu kimoja."

Ni Pa Nhia Lor. Mama Mkubwa, unamkumbuka? Alikuwa darasani kwetu. Kwenye hesabu nilikuwa naketi meza mbili nyuma yake. Oktoba ya mwaka jana kiti chake kikawa kitupu. Nilisikia amefukuzwa, na sikuuliza kwa nini. Nilidhani, sijui nilidhani nini. Sikudhani chochote.

Sasa ameniambia. Mama yake alimfungia chakula na chungwa, akaweka na kisu kidogo cha kumenyea, kile cha mpini wa plastiki ya njano. Pa Nhia alikuwa anamenya chungwa kwenye meza ya chakula, mbele ya watu wote. Ukamfukuza mwaka mzima. Familia ikahama, maana mjini kwetu watu walikuwa wanamtazama mama yake dukani kama jambazi.

Nilimuuliza, "Kikao chenu walikuja watu wangapi?" Akasema, "Sisi watatu. Na mlinzi wa kufunga mlango."

Mimi walikuja sitini. Orville alizungumza mpaka akalia. Gazeti likapiga picha. Nilidhani nimeonewa kuliko mtu yeyote duniani, na aliyeonewa kabla yangu alikuwa ameketi pale pale, naona kisogo chake kila siku.

Umeniandikia barua nane, Mama Mkubwa. Nimezihesabu. Yeye umemwandikia ngapi?

Britta


Tamarack Ridge
Novemba 19, 2000

Mwanangu Britta,

Pole kwa mkono. Pole sana. Mimi niko hivi hivi, nakula unavyoniagiza.

Jibu la swali lako ni sifuri.

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Sasa nitakuandikia ile sababu, na safari hii sichani.

Siku ile Bi Lor, mama yake Pa Nhia, alikuja ofisini akiwa na binti yake mdogo, wa miaka kumi hivi, ndiye aliyekuwa anamtafsiria Kiingereza. Pa Nhia alikuwa nje kwenye benchi. Bi Lor alisimama; nilimwonyesha kiti hakukaa. Alisema kisu kimetoka jikoni kwake, kwa mkono wake, na mtoto hajui kitu. Aliomba aadhibiwe yeye. Alisema anaweza kuja kufagia shule. Yule mtoto alikuwa anatafsiri neno kwa neno, sauti kama anasoma kitabu darasani.

Nikamjibu hivi, na nakumbuka kila neno: "Mwambie mama, sheria ni moja kwa kila mtoto. Ningefanya hivi hata angekuwa mwanangu."

Nilisema kama watu wanavyosema. Nilitaka aone kwamba sina ubaya naye. Yule mdogo akatafsiri. Bi Lor akanitazama muda mrefu, akatikisa kichwa taratibu kukubali, wakatoka. Nilipochungulia dirishani walikuwa bado kwenye maegesho, wote watatu kwenye theluji ya kwanza, hawajui waelekee wapi.

Miezi minne baadaye ukaingia wewe na kuweka kisu mezani.

Britta, nilipata nafasi ya kama pumzi moja. Mlango ulikuwa wazi na Phyllis alikuwa ameacha kupiga chapa. Sikumuogopa Phyllis. Nilimwona Bi Lor amesimama pale pale uliposimama wewe. Nikajua nikikitia kile kisu kwenye droo na kukurudisha darasani, basi nilimdanganya yule mama machoni. Ndiyo maana nikakuita mwanafunzi. Nisingekuita hivyo, nisingeweza kuifungua droo.

Kwa miezi mingi niliamini hii ilikuwa haki. Nilikutoa wewe ili yeye asiwe amedanganywa. Lakini sikumwandikia hata mstari mmoja kumwambia. Sikujua hata wamehamia wapi. Kwa hiyo haikuwa kwa ajili yake. Ilikuwa kwa ajili yangu, niendelee kujiona mtu wa kweli. Na njia ya kumtendea haki ilikuwepo, ya wazi, hata mtoto angeiona: kumrudisha yeye darasani. Siyo kukutoa wewe.

Wiki iliyopita nilikwenda mbele ya bodi nikaomba wakuu wa shule wapewe ruhusa ya kupima wenyewe kila jambo. Niliwataja wote wawili, Pa Nhia kwanza. Mjumbe mmoja akaniuliza, "Bi Tollefson, na atakayekuja na bunduki mtampima pia?" Nikamwambia bunduki haimenyi chungwa. Watu wakacheka kidogo, kisha wakapiga kura. Watano walikataa, wawili walikubali. Nimeandika barua ya kuacha kazi. Naondoka Krismasi.

Naomba anwani ya Bi Lor. Na kama utaniruhusu, siku hiyo nikuone na wewe.

Mama yako mkubwa,
LaVonne


Osterby
Desemba 10, 2000

Shikamoo, Mama Mkubwa.

Natumaini baridi haijakuzidi. Huku mabomba yameganda mara mbili.

Nimeisoma barua yako, kisha nikampa Pa Nhia aisome wakati wa mapumziko ya chakula. Aliisoma na glavu moja mkononi. Akanirudishia akasema, "Anaandika vizuri." Jioni, kwenye basi la wafanyakazi, akasema, "Mwambie aje Jumamosi. Mama hafanyi kazi Jumamosi."

Njoo Januari tarehe ishirini, saa sita mchana. Wanakaa ghorofa ya pili juu ya duka la matairi, barabara ya nne. Mama yake hajajifunza Kiingereza, Pa Nhia atatafsiri.

Mimi siku hiyo nina zamu. Usije kiwandani, hawaruhusu wageni.

Ulivyoandika kuhusu ile pumzi moja, nilisoma mara nyingi. Mimi ile pumzi niliiona, Mama Mkubwa. Niliiona usoni kwako. Nilidhani unataka kutabasamu.

Britta


Tamarack Ridge
Januari 21, 2001

Mwanangu Britta,

Natumaini zamu ya jana haikukuchosha na mkono unaendelea vizuri. Mimi nimefika salama. Barabara ilikuwa na barafu mpaka mtoni, baada ya hapo nzuri.

Najua Pa Nhia atakusimulia. Nami nikusimulie upande wangu.

Nilikuwa nimeyaandika maneno yangu kwenye kadi na kuyakariri njiani. Nikapanda ngazi. Pa Nhia akafungua, akasema, "Vua viatu," nikavua. Bi Lor alikuwa jikoni. Amezeeka, Britta, na haijapita hata miaka miwili. Meza ilikuwa imeshaandaliwa: wali, kuku wa kuchemsha na majani mabichi, bakuli la pilipili. Akaniketisha karibu na jiko, mahali penye joto. Nikatoa kadi yangu. Kabla sijafungua mdomo akaanza kuzungumza yeye.

Alizungumza kwa muda, ameinamisha macho, mikono imeshika ukingo wa meza. Pa Nhia hakutafsiri. Nikamtazama. Akasema, "Sitaki kukutafsiria hili." Mama yake akamwambia kitu kwa ukali kidogo. Ndipo Pa Nhia akasema, akitazama ukuta:

"Mama anasema amekusubiri. Anasema anakuomba msamaha. Kisu alikiweka yeye. Anasema alikutia kwenye taabu, mwalimu mzuri, na baadaye akasikia ulimfukuza na mtoto wa dada yako kwa sababu ya ahadi uliyompa yeye. Anasema hilo nalo limetokana na kisu chake. Hajamenya tunda mbele yetu tangu siku ile."

Kadi ilikuwa mkononi. Nikamwambia Pa Nhia, "Mwambie hapana. Mwambie si yeye. Mwambie nimekuja kuomba mimi."

Pa Nhia akasema, "Namwambia hivyo kila siku tangu nifukuzwe. Haniamini mimi. Mwambie wewe."

Nikamwambia. Nikashika mikono yake nikamwambia mwenyewe, kwa lugha asiyoijua, maneno yote ya kwenye kadi na mengine ambayo hayakuwepo. Pa Nhia alitafsiri, nilimsikia anatafsiri. Bi Lor alitikisa kichwa taratibu kukubali, vile vile kama siku ile ofisini. Kisha akachukua kijiko akaniongezea kuku. Nilivyoona mimi, hakuamini. Alidhani nasema kwa adabu, kama mgeni anavyopaswa kusema.

Nikala. Ilibidi nile.

Pa Nhia alinisindikiza mpaka chini. Nikamwambia nimewaandikia wilaya kuhusu mtihani wa cheti kwa walio nje ya shule, naye na wewe mnaweza kuufanya masika haya. Akanisikiliza, kisha akaniuliza, "Ulikuja kwa ajili yetu au kwa ajili ya Britta?"

Nikamwambia, "Sijui." Akasema, "Sawa," akapanda juu.

Nilikaa kidogo garini nikapumzika, ndipo nikaondoka.

Mama yako mkubwa,
LaVonne


Osterby
Februari 4, 2001

Shikamoo, Mama Mkubwa.

Natumaini uko salama na kifua hakijarudi na baridi hii.

Nimejiandikisha kwa ule mtihani. Pa Nhia naye, tunasomeana hesabu. Ananishinda, kama zamani. Mifugo nimeiacha. Vidole viwili vimekaa hivyo hivyo, na daktari ameacha kutumia neno "bado". Orville akikuuliza mwambie wewe, mimi kwa simu siwezi. Aliniambia ameniwekea yule ndama, Bi Mkubwa, nije nimzalishe mwenyewe akishika mimba.

Mama yake Pa Nhia anasema wewe ni mtu mwenye heshima na unakula kidogo. Ni kweli hakuamini. Lakini Pa Nhia anasema jana alimkuta anamenya peari.

Sasa jambo lililonileta. Siku ile uliyokuja sikuwa na zamu.

Ng'ambo ya duka la matairi kuna mahali pa kufulia nguo kwa mashine. Nilifika saa tano na nguo zangu, nikakaa dirishani. Nilikuona unapanda. Nilikuona unashuka. Ukaingia kwenye gari ukafunga mlango na hukuondoka. Ulikaa dakika arobaini. Najua, maana ndizo dakika za mashine ya kukaushia.

Nilitaka kuja. Nakuambia kweli. Nilikuwa nimeshafunga vifungo vya koti. Nilikuona mabega tu, kwa nyuma, na nikayajua mabega yale. Ulikaa vile vile siku ya mazishi ya mama, kwenye kiti cha mbele, na mimi nikaja nikakuegemea. Nilikuwa na miaka tisa, sikufikiri, nilikuja tu.

Safari hii nilifikiri. Nikaona nikivuka barabara utanikumbatia, nami nitalia, na utarudi nyumbani umesamehewa. Kisha asubuhi nitaamka na vidole hivi. Sikuchukii, Mama Mkubwa. Nilidhani nakuchukia, lakini siyo hilo. Ni kwamba nikikuona tu, nasikia "Mwanafunzi, kaa chini," na ninakaa.

Mashine ilipolia nikakunja nguo nikatokea mlango wa nyuma. Sikugeuka.

Sijui ni lini nitaweza. Pengine nitaweza. Nimeona ujue kwamba nilikuwepo.

Britta


Tamarack Ridge
Februari 18, 2001

Mwanangu Britta,

Nakutakia afya, wewe na Pa Nhia, na mtihani mwema. Mimi mzima. Orville nimemwambia habari ya vidole. Alisikiliza mpaka mwisho akaenda kuwamwagia ng'ombe maji, na walikuwa wameshakunywa.

Najua ulikuwepo. Nilikuona.

Nilipofunga mlango wa gari nilitazama kioo cha pembeni ili nitoke, nikaona koti la bluu dirishani kwa dobi. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa. Nilitaka kuruka barabara kama mwendawazimu. Kisha nikajiambia, nikishuka mimi, nitakuwa nimekuamulia tena. Mara ya kwanza nilikuamulia bila kukuuliza. Nikasema safari hii aamue yeye. Nikauondoa mkono. Zile dakika arobaini zote, Britta, ulikuwa unatazama mabega yangu, na mimi nilikuwa nakutazama uso kwenye kioo. Umekonda. Nywele umekata mwenyewe, nadhani, upande mmoja ni mrefu.

Hujakosea kitu. Kila ulichoandika ni sawa. Sitakuja tena mpaka uniite, na usiponiita nitaendelea kuandika, na hizo barua si lazima uzijibu.

Lakini kwa kuwa umeniambia kweli yako, nikuambie na yangu, maana hukuiona. Ulipoinuka pale dirishani ukabeba mfuko, nilidhani unakuja. Nikazima injini. Mlango wa abiria ulikuwa umeganda kwa barafu, nikausukuma kwa ndani kwa miguu yote miwili mpaka ukafunguka, ili ukifika usipate taabu nao. Nikauacha wazi. Nikaondoa mkoba wangu kwenye kiti. Nikangoja, theluji inaingia na kukaa kwenye kiti, nami naipangusa kwa mkono, mpaka mwenye duka la matairi akaja akaniuliza kama gari limeharibika.

Mama yako mkubwa,
LaVonne